Jiko la peleti likijizima, anza na hewa

Kila msimu wa baridi unapoanza, wenye majiko ya kupashia nyumba joto kwa peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, au kwa mahindi hukutana na tatizo lile lile: jiko lililokuwa likiwaka vyema msimu uliopita sasa linawaka kwa muda mfupi, moto unakuwa mzito, kioo kinaingia weusi, kisha jiko linajizima lenyewe na taa ya hitilafu inawaka. Mawazo ya wengi hukimbilia kwenye bodi ya umeme, kwa kuwa ndiyo sehemu wasiyoielewa na ndiyo inayoonekana kuamrisha kila kitu. Mimi nimeishi na jiko la aina hii kwa muda mrefu, hulihudumia mwenyewe, na jirani akikwama mara nyingi huniita nikamtazamie la kwake. Ninachotaka kukieleza hapa kwa kirefu ni kwamba majiko haya hushindwa kwa sababu ya hewa na majivu mara nyingi zaidi kuliko yanavyoshindwa kwa sababu ya umeme, na kwamba mtu anayeanza uchunguzi wake kwenye njia ya hewa hulipata jibu mapema na kwa gharama ndogo.

Jiko la kuni la kawaida hutegemea dohani: moshi wa moto hupanda wenyewe, na hewa mpya huingia kuchukua nafasi yake. Jiko la peleti limeundwa kwa namna nyingine. Peleti, ambazo huwa na kipenyo cha milimita 6 au 8, hukaa ndani ya hopa, yaani sanduku la akiba la jiko. Skrubu ndefu inayozungushwa polepole na mota yenye gia huzisukuma chache chache hadi kwenye kikombe cha moto, ambacho ni chombo kidogo cha chuma chenye matundu. Na feni ya kutolea moshi huufyonza moshi kuupeleka nje kupitia bomba jembamba, na kwa kufanya hivyo huilazimisha hewa mpya kupita kwenye matundu yale na kuupuliza moto kutoka chini. Ipo feni ya pili, ya kusambaza joto, ambayo haikutani na moshi kabisa. Kazi yake ni kupitisha hewa ya chumba kwenye mirija iliyopashwa na moto na kuirudisha chumbani ikiwa na joto. Kwa hiyo tundu la hewa lililo ukutani, matundu ya kikombe, nafasi zilizo nyuma ya matofali yaliyo ndani ya jiko, feni ya moshi na bomba la nje vyote ni njia moja. Ikizibwa mahali popote, moto unadhoofika. Ikivuja mahali popote kati ya kikombe na feni ya moshi, hewa hupita kando ya moto badala ya kupita ndani yake, na matokeo ni yale yale.

Kabla ya kushika bisibisi, utazame moto wenyewe. Moto mzuri wa peleti huwa mfupi na mchangamfu, wa manjano inayokaribia weupe, na vipande vidogo vya makaa huonekana vikirukaruka ndani ya kikombe kwa nguvu ya hewa inayotoka chini. Moto uliokosa hewa hurefuka, hugeuka rangi ya chungwa, hupepea taratibu, na ncha zake hutoa moshi mweusi unaoonekana kwa macho. Kioo nacho hutoa ushahidi: utando mwepesi wa kijivu au kahawia unaofutika kwa kitambaa kikavu ni wa kawaida, ilhali masizi meusi yanayong'ang'ania kioo yanaonyesha kwamba peleti hazikuungua zikaisha. Lazima nitoe tahadhari hapa, kwamba jiko lililoachwa kwa saa nyingi kwenye kiwango cha chini kabisa huingia weusi kwenye kioo hata likiwa halina kasoro. Basi lipandishe kiwango cha juu, lisubiri hadi moto utulie, ndipo uhukumu. Majivu pia yatazamwe. Yakiwa mepesi na ya kijivu, kazi imefanyika. Yakiwa meusi, mazito, yenye vipande vya peleti ambavyo havijaungua, peleti zinaingia kuliko hewa inavyoweza kuzichoma.

Upande wa pili upo pia, ingawa ni nadra. Hewa ikizidi, moto hukazana ukawa mdogo na mkali mno, na peleti zinazowaka hurushwa nje ya kikombe kabla ya kumalizika. Majiko mengi yana kilango cha kurekebisha hewa. Kisogeze kidogo sana kwa kila mara, kisha usubiri robo saa kabla ya kukigusa tena, kwa sababu moto huchelewa kuonyesha athari ya badiliko, na mtu mwenye haraka hujikuta ameuvuruga kabisa.

Usafi wa kweli huanzia kwenye kikombe. Kitoe kikiwa kimepoa kabisa, ukielekeze kwenye mwanga, na uyatazame matundu yake moja baada ya jingine. Mara nyingi utaona kwamba kikombe ambacho kwa juu kinaonekana safi kina safu nzima ya matundu yasiyopitisha mwanga, hasa ya chini na ya pembeni, kwa sababu majivu yameyeyuka na kuganda ndani yake kama kioo kichafu. Brashi ya waya haiyatoi. Hutoka kwa msumari butu au kwa ncha ya keekee ya ukubwa sawa na tundu, ikizungushwa kwa vidole, si kwa mashine, ili tundu lisipanuke. Tundu lililopanuka hubadilisha mgawanyo wa hewa moja kwa moja. Kagua vilevile pale kikombe kinapokalia. Punje chache za majivu magumu chini yake zinatosha kukiinua upande mmoja, na hewa ikipata ufa huo haitakuwa na sababu ya kupenya kwenye matundu.

Nyuma ya kikombe ndiko wengi wasikofika. Kufagia sehemu inayoonekana kupitia mlango kila siku ni jambo jema, lakini majivu mepesi, yale yanayoruka na moshi, hutua nyuma ya matofali ya moto, juu ya mirija ya kubadilishia joto, kwenye visanduku vidogo vya majivu vilivyofichwa nyuma ya vifuniko, ndani ya nyumba ya feni ya moshi, na kwenye kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T. Kitabu cha jiko huonyesha vifuniko hivyo vilipo, na ni vyema kila mwenye jiko avifungue kwa mkono wake angalau mara moja ili avijue. Ukishayatoa matofali, gonga ukuta wa nyuma kwa nyundo ya mpira. Mara nyingi majivu yataporomoka kutoka mahali ulipodhani hapana kitu. Kisha fungua feni ya moshi yenyewe. Ukiona mapanga yake yamevaa koti la masizi, umekwisha kujua kwa nini moto ulikuwa mzito, kwa kuwa panga lililojaa masizi husukuma hewa kidogo hata kama feni inazunguka kwa kasi ile ile. Weka gasketi mpya, yaani ule utando wa kuziba kiungo, unapoirudisha, maana ile ya zamani hupasuka karibu kila mara inapobanduliwa.

Ili kuelewa kwa nini majivu hujaa upesi namna hiyo, fanya hesabu ndogo. Peleti za daraja la juu, zile zinazobeba alama ya ubora ya ENplus A1, haziruhusiwi kuwa na majivu zaidi ya asilimia 0.7. Mfuko wa kilo 15 basi unaweza kuacha takriban gramu 100. Za daraja la A2 zinaruhusiwa hadi asilimia 1.2, yaani gramu 180 kwa mfuko ule ule, karibu mara mbili. Jiko likila mfuko mmoja kwa siku, tofauti hiyo kwa mwezi ni zaidi ya kilo mbili za majivu, na sehemu yake nzuri haiangukii kwenye trei bali hupanda na moshi. Ukibadilisha aina ya peleti na jiko likaanza kulalamika wiki mbili baadaye, usishangae, na usilitafutie jiko ugonjwa. Fupisha muda kati ya usafi mmoja na mwingine.

Bomba la nje lina mambo yake. Wavu uliowekwa mwishoni mwake kuzuia ndege hunasa majivu hadi ukaziba kabisa. Viwiko navyo hupunguza nguvu ya feni: watengenezaji wengi huhesabu kiwiko kimoja cha digrii 90 kuwa sawa na karibu mita moja na nusu ya bomba lililonyooka, na jumla ikipita kiasi fulani, kwa kawaida mita nne na nusu hivi, huelekeza kwamba bomba la milimita 75 libadilishwe kuwa la milimita 100. Jiko lililofungwa kwa viwiko vitatu na bomba jembamba linaweza kuwaka vizuri likiwa jipya na safi, kisha likashindwa mara tu majivu kidogo yanapoingia, kwa sababu halikuwa na akiba ya mvuto tangu mwanzo. Wenye mashine ya kupuliza majani ya bustani inayoweza pia kufyonza huiunganisha kwenye mwisho wa bomba upande wa nje na kuvuta majivu yote kwa mara moja. Njia hiyo ninaiunga mkono kwa moyo wote, mradi jiko liwe limepoa tangu jana, lisiwe na kaa hata moja lililo hai, na mtu asisimame upande unakoelekea upepo.

Hewa inayoingia husahaulika kuliko moshi unaotoka. Buibui na nyigu hupenda mabomba yasiyotumika wakati wa kiangazi, na kiota kidogo ndani ya bomba la kuingizia hewa kinatosha kulinyima jiko pumzi. Ikiwa jiko lako halivuti hewa kutoka nje bali kutoka chumbani, chunguza kama tatizo hutokea wakati feni ya jikoni ya kufyonza mvuke au mashine ya kukaushia nguo inapofanya kazi, kwa maana zote hushindania hewa ile ile. Kipimo chake ni rahisi: fungua dirisha lililo karibu na jiko na uutazame moto. Ukichangamka ndani ya dakika chache, nyumba yenyewe ndiyo iliyobana, na dawa yake ni bomba la hewa ya nje.

Kamba ya kuziba mlango hupimwa kwa ukanda wa karatasi. Funga mlango juu ya karatasi, kisha ivute; ikitoka bila kukazana, hapo pana uvujaji. Pima kuzunguka mlango wote, na zaidi upande wa bawaba na pembe za chini, ambako kamba hulala mapema. Usisahau kamba ya trei ya majivu na ile ya kioo. Kamba mpya ni kitu cha bei ndogo na kazi ya saa moja, lakini hubadilisha tabia ya jiko kuliko vifaa vingi vya gharama.

Sasa nije kwenye swichi ya mvuto, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi za watu hupotea. Swichi hii huunganishwa na njia ya moshi kwa mpira mwembamba, na kazi yake ni kuthibitisha kwamba feni ya moshi kweli inavuta. Mvuto ukipungua, swichi hufunguka, yaani hukata umeme, na skrubu ya kulishia husimama, ili peleti zisiendelee kumwagwa juu ya moto ambao moshi wake hauna pa kutokea. Jirani yangu mmoja aliambiwa na fundi kwamba bodi ya jiko lake imekufa na kwamba lazima aagize nyingine. Jiko lilikuwa likianza, feni ikizunguka, lakini hakuna peleti iliyodondoka. Tulipouchomoa ule mpira, tulikuta kijibomba kidogo cha chuma ambacho mpira huvishwa juu yake kimezibwa na masizi magumu, na mpira wenyewe umepasuka pale unapokutana na joto. Tulikizibua kwa waya laini, tukakata kipande cha mpira kilichopasuka, tukakirudisha kilichobaki, na skrubu ikaanza kuzunguka. Swichi haikuwa mbovu, wala bodi. Swichi ilikuwa inasema kweli kuhusu kile ilichokisikia. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ushauri wa kuunganisha nyaya zake moja kwa moja ili jiko liendelee kuwaka unazunguka sana. Kuziunganisha kwa dakika moja kwa ajili ya kupima, ukiwa umesimama hapo, ni uchunguzi, lakini kuziacha hivyo ni kuondoa kinga inayozuia moshi kurudi ndani ya nyumba. Ukiupuliza mpira ili kuusafisha, uchomoe kwanza kwenye swichi, kwani pumzi ya mtu inaweza kuirarua ngozi nyembamba iliyo ndani yake.

Jiko likikataa kuanza kabisa, lisikilize. Mpangilio wa kuwaka hufanana katika majiko mengi: feni ya moshi huanza kwanza, swichi ya mvuto hujifunga, yaani hupitisha umeme, skrubu huzunguka na peleti za kwanza hudondoka, kiwashio, yaani kifaa cha umeme cha kuwashia peleti, hupata moto hadi kikawa chekundu, moto hushika ndani ya dakika chache, moshi unapopata joto la kutosha, swichi ya kuthibitisha moto hujifunga, na hatimaye feni ya kusambaza joto huamka. Mahali mpangilio huo unapokatikia ndipo pa kuchunguza. Kama feni ya moshi haikuanza, hakuna haja ya kuulizia kiwashio. Kama moto uliwaka vizuri lakini jiko likazimika baada ya muda ule ule kila mara, huku feni ya joto haijaamka, ishuku swichi ya kuthibitisha moto, au mahali ilipofungwa, kwa sababu majivu yakitanda kati yake na bomba haipati habari za joto. Na kama jiko lilizimika likiwa katikati ya kazi na bomba likawa la moto kupita kawaida, huenda ni swichi ya kuzuia joto kupita kiasi, ambayo mara nyingi ina kitufe chekundu cha kubonyeza. Kitufe hicho kibonyezwe mara moja tu kabla ya kutafuta chanzo. Chanzo chenyewe huwa ni feni ya joto iliyojaa vumbi na manyoya ya wanyama wa nyumbani, au mirija iliyofunikwa na majivu.

Skrubu isiyozunguka na skrubu isiyoleta kitu ni matatizo mawili tofauti. Ikiwa mota inazunguka na hopa imejaa lakini kikombe ni kitupu, tazama ndani ya hopa: unga wa mbao ukiwa mwingi, peleti hushikana juu na kuacha pango chini, na skrubu huzunguka katika pango hilo bila kupata kitu. Koroga kwa fimbo, kisha safari ijayo pepeta unga kabla ya kujaza. Ikiwa mota inanguruma lakini haizunguki, kuna kitu kimebana, na mara nyingi ni peleti ndefu iliyokaa mtambuka, kibanzi cha mbao, au uji mgumu wa peleti zilizolowa. Peleti zilizopata maji huvimba na kurudi kuwa unga wa mbao, kisha hukauka ndani ya bomba la skrubu zikawa ngumu kama zege. Hapo hakuna njia isipokuwa kuitoa skrubu nzima na kuchokonoa. Kabla ya kutia mkono, chomoa waya wa umeme ukutani. Mota ya skrubu ni ya polepole, lakini gia zake huipa nguvu isiyojali kidole.

Wenye kuchoma mahindi wana mtihani wao, nami nadhani ni mgumu zaidi kuliko wa peleti. Mahindi yaliyopukuchuliwa huwaka vizuri unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 15, na yakikaribia 12 moto huwa bora zaidi; yakizidi 15, sehemu kubwa ya joto hutumika kuchemsha maji yaliyomo ndani ya punje, kioo huwa kichafu, na moto huzimika kwenye kiwango cha chini. Punje huchelewa kushika, kwa hiyo majiko mengi huwashwa kwa konzi moja ya peleti kwanza. Lakini tatizo kubwa la mahindi ni bonge. Mahindi yana potasiamu na fosforasi nyingi kuliko mbao, na madini hayo hushusha kiwango cha joto ambacho majivu huanza kuyeyuka. Majivu yakiyeyuka na kuungana huwa bonge gumu linalolala chini ya kikombe na kuziba matundu, na moto unaobaki juu yake hupata hewa ya pembeni tu. Ndiyo sababu majiko ya mahindi huwa na mkono wa kukorogea ndani ya kikombe; mkono huo ukisimama, kwa pini iliyokatika au mnyororo uliolegea, jiko litajizima ndani ya saa chache, na mwenye jiko ataona bonge bila kuona kilichosababisha. Kwa majiko yasiyo na mkono, bonge hutolewa kwa koleo kila siku, na wengi huchanganya mahindi na peleti nusu kwa nusu, au huongeza kiganja cha maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye hopa, kwa kuwa kalisi iliyomo huyazuia majivu kuyeyuka mapema. Kabla ya kuchanganya chochote, hata hivyo, hakikisha jiko lako limeruhusiwa kuchoma mahindi. Kikombe kilichoundwa kwa peleti pekee hakimudu.

Mahindi lazima yapepetwe. Vipande vya magunzi, makapi na mawe madogo ndivyo vinavyobana skrubu, na vumbi lake huganda kwenye kuta za hopa kuliko vumbi la mbao. Moshi wa mahindi una asidi zaidi, kwa hiyo bomba ambalo lingedumu miaka mingi kwa peleti linaweza kutoboka mapema, hasa kwenye viungo vya chini ambako unyevu hukusanyika wakati jiko halitumiki. Bomba la chuma cha pua kinachostahimili asidi ndilo linalofaa, na mwisho wa msimu lisafishwe mara moja badala ya kungojea msimu mwingine. Na mbegu zilizotiwa dawa, zile za rangi nyekundu au ya waridi zinazouzwa kwa ajili ya kupanda, zisichomwe kamwe ndani ya nyumba, hata kama ni za bure, kwa sababu sumu iliyopakwa juu yake huenda hewani pamoja na moshi.

Kiwashio ni kifaa cha kuchakaa, na hupimwa kwa urahisi. Kikiwa kimechomolewa, pima ukinzani wake kwa mita ya umeme: kiwashio cha wati 300 kinachotumia volti 230 kinapaswa kuonyesha karibu omu 176, na cha volti 120 karibu omu 48. Mita ikionyesha kwamba hakuna muunganiko kabisa, kimekatika. Kama kipimo ni sahihi na bado hakiwashi, rudi kwenye tundu la kikombe linalopitisha hewa ya kiwashio. Likiwa limezibwa, joto halifiki kwenye peleti. Kuhusu feni, beringi iliyokauka hupiga mlio mkali jiko linapoanza likiwa baridi, kisha mlio hupungua linapopata joto, na kutoweka kwa mlio huo hakumaanishi kwamba imepona.

Bodi ya umeme basi huja mwisho, na ina njia yake ya kuthibitishwa. Kagua fyuzi kwanza. Kisha pima kama volti inafika kwenye nyaya za mota ya skrubu wakati bodi inapoiamuru izunguke, jambo utakalolijua kwa taa yake kuwaka: volti ikifika na mota isizunguke, mota ndiyo mbovu, volti isipofika ingawa swichi ya mvuto, ya joto na ya kifuniko cha hopa zote zimejifunga, bodi inastahili kulaumiwa. Kazi hii hufanywa nyaya zikiwa na umeme, hivyo asiyezoea mita amwachie fundi, lakini amwombe fundi amwonyeshe kipimo hicho kabla ya kukubali kununua.

Majivu yanayotolewa yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, juu ya sakafu isiyoungua, mbali na nyumba, kwa siku kadhaa. Kaa dogo hukaa hai ndani ya majivu kuliko mtu anavyodhani. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi isitumike, kwa sababu majivu haya ni mepesi kiasi cha kupenya kichujio chake na kurudi chumbani, na kaa moja linaweza kuwasha mfuko wake. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo kwenye chumba chenye jiko na kwenye vyumba vya kulala, na kingine mahali peleti zinapohifadhiwa kwa wingi, kwa kuwa peleti zenyewe, bila kuwaka, hutoa gesi hiyo polepole katika ghala lisilopitisha hewa. Umeme ukikatika jiko likiwa linawaka, feni ya moshi husimama papo hapo na moshi hutafuta njia yoyote. Mafundi wazuri huinua bomba wima mita moja au zaidi kabla halijaishia nje, ili joto lake lenyewe liendelee kuuvuta moshi hadi zile peleti chache zilizo kwenye kikombe ziishe. Wakati huo mlango wa jiko usifunguliwe.